Thomas Edison: Jamaa wa Balbu Aliyeng'ata Mashine Ndio Askie Muziki

Wasee wengi wakiskia jina Thomas Edison wanafikiria balbu. Sawa, lakini balbu ni kipande tu cha story yake. Huyu ndiye jamaa wa kwanza kutengeneza mashine ya kunasa sauti na kuirudisha. Pia kampuni yake ndiyo ilifanya maarufu ule mchezo ambao haujaisha kwa keja za watu mpaka leo: unaweka mashine mbele ya wageni, unawaambia wafumbe macho, halafu unawauliza kama sauti inakaa ya ukweli.

Kioja ni kwamba mzee mwenyewe alikuwa karibu kiziwi. Na bado kwa miaka mingi masikio yake ndiyo yaliamua ni ngoma gani zitarekodiwa na ni nani ataimba. Hapo ndipo alipata umaarufu, na hapo hapo ndipo biashara yake ya santuri ilikuja kuzama.

Hasla wa treni

Edison alizaliwa tarehe 11 Februari 1847 katika mji mdogo wa Milan, jimbo la Ohio, Marekani. Mwaka wa 1854 familia ilihamia Port Huron, jimbo la Michigan. Shule haikumkalia poa. Mamake, Nancy, ambaye aliwahi kuwa mwalimu, alimtoa na kumfunza nyumbani.

Akifika miaka 12 kijana alikuwa tayari anajitafutia. Aliuza magazeti na peremende ndani ya treni ya kutoka Port Huron kwenda Detroit. Mwaka wa 1862 aliingiza mtambo mdogo wa kuchapa ndani ya behewa la mizigo, akaanza kutoa gazeti lake mwenyewe na kuwauzia abiria.

Ni miaka hiyo hiyo ambapo masikio yalianza kumwacha. Yeye mwenyewe alikuwa akitoa sababu tofauti siku tofauti. Mara ni magonjwa ya utotoni, mara ni mtu wa treni aliyemvuta juu kwa masikio akimsaidia kupanda behewa likiwa linaondoka. Alipokuwa mtu mzima alisema hajaskia ndege akiimba tangu afike miaka 12.

Mwaka huo wa 1862 alimwokoa mtoto wa mkuu wa stesheni ya Mount Clemens asigongwe na behewa. Baba mtu hakuwa na doo ya kumlipa, kwa hivyo akamfunza telegrafu. Hii kazi ilimfaa kabisa, kwa sababu ni ya kuskiza mlio wa mashine iliyo karibu na wewe. Wenzake walisumbuliwa na kelele za mashine zingine ofisini. Yeye alikuwa anaskia yake tu.

Telegrafu ilimwingia mpaka kwa nyumba. Alioa Mary Stilwell mwaka wa 1871, na watoto wao wawili wa kwanza aliwapa majina ya utani Dot na Dash, yaani nukta na mstari, zile alama za lugha ya telegrafu. Mary alifariki 1884. Miaka miwili baadaye Edison alioa Mina Miller na akamfunza hizo alama, ndio waweze kubonga kwa kugongana vidole mkononi wakiwa mahali pa watu wengi. Kwa mtu asiyeskia vizuri, hiyo ilikuwa lugha ya siri na pia msaada.

Mashine iliyoongea

Mwaka wa 1876 Edison alifungua maabara Menlo Park, New Jersey. Mwaka uliofuata alikuwa anashughulika kuboresha simu, ambayo wakati huo ilikuwa kitu kipya kabisa. Kwa sababu hakuweza kutegemea masikio yake, alipima nguvu ya sauti kwa kidole. Alishikisha sindano kwa kile kiwambo kinachotikisika mtu akiongea, akawa anahisi ikimdunga.

Wazo likamjia hapo. Kama sauti inaweza kusukuma sindano mpaka imdunge kidole, basi inaweza kuchora alama kwa kitu laini. Na sindano ikirudi kupita kwa hizo alama, kiwambo kitatikisika vile vile na sauti itarudi. Alimpa fundi wake John Kruesi mchoro, Kruesi akaunda silinda ya chuma inayozungushwa kwa mkono, juu yake ikafungwa karatasi nyembamba ya bati. Edison akakariri shairi la watoto kwa sauti kubwa, akarudisha sindano mwanzo, akazungusha. Mashine ikajibu kwa sauti yake.

Desemba 1877 aliibeba mpaka ofisi za jarida la Scientific American jijini New York, ikawaongelesha waandishi wakabaki mdomo wazi. Tarehe 19 Februari 1878 alipata hati ya kumiliki uvumbuzi huo. Aprili mwaka huo alikuwa Ikulu ya Marekani akimwonyesha Rais Rutherford Hayes. Jamaa alikuwa na miaka 31 tu na tayari dunia nzima inamjua.

Halafu akaiacha. Ile karatasi ya bati ilikuwa inararuka baada ya kuchezwa mara chache, na Edison alikuwa ameshaanza kukimbizana na taa ya umeme. Huku akiwa busy na balbu, watu wa maabara ya Alexander Graham Bell walichukua wazo lake, wakaweka nta badala ya bati, sauti ikatoka safi zaidi. Edison aliskia hivyo akafura. Juni 1888 alijifungia na mbogi yake ya mafundi kwa karibu siku tatu bila kulala vizuri mpaka akatoa fonografu mpya ya silinda za nta.

Santuri zampita mlangoni

Kumbe shida kubwa haikuwa Bell. Ilikuwa ni mhamiaji kutoka Ujerumani anayeitwa Emile Berliner, ambaye mwaka wa 1887 alikuja na gramafoni. Badala ya silinda, yeye alitumia santuri bapa. Silinda ya Edison ilikuwa na sindano inayopanda na kushuka kama gari kwa matuta. Ya Berliner ilikuwa inayumba kushoto na kulia. Santuri ilikuwa rahisi kuchapa kwa wingi na rahisi kupanga kwa kabati. Mwaka wa 1901 kampuni ya Victor ilianzishwa juu ya msingi huo, na ikaanza kutesa sokoni.

Hata ile picha maarufu ya mbwa anayeskiza pembe ya gramafoni ilianza na mashine ya silinda. Mchoraji Francis Barraud alichora mbwa akiskiza fonografu, akaipeleka kwa kampuni ya Edison Bell ya Uingereza, wakaikataa. Mwaka wa 1899 kampuni ya Gramophone ilikubali kuinunua, ila kwa sharti moja: futa fonografu, weka gramafoni. Mbwa akahamia upande ule mwingine, na jina la lebo ya HMV likatokana naye.

Edison alikaza na silinda mpaka 1912, ndipo akakubali yaishe na kutoa santuri zake mwenyewe, zilizoitwa Diamond Disc. Na hapa tumpe haki yake, kwa sababu kazi ilikuwa safi. Sindano ilikuwa ya almasi, kwa hivyo hukuhitaji kuibadilisha kila baada ya ngoma kama zile za chuma za Victor. Santuri yenyewe ilikuwa nene kama milimita 6. Wengi wanaoskiza vitu vya zamani mpaka leo wanakubali kwamba sauti ya Diamond Disc ilikuwa imewapita washindani wa wakati huo.

Bei nayo haikuwa ya kila mtu. Mashine iliyosifiwa sana iliitwa C-250, na hiyo namba ndiyo ilikuwa bei: dola 250. Rafiki yake Henry Ford alishangaza Marekani mwaka wa 1914 kwa kutangaza mshahara wa dola 5 kwa siku. Kwa hivyo hata mfanyakazi wa Ford, ambaye alionekana ameomoka, angehitaji mshahara mzima wa siku 50, bila kula wala kulipa nyumba, ndio aingize hiyo kitu kwa sebule yake.

Halafu ukinunua ya Edison, santuri za Victor hazikuchezeka vizuri bila kubadilisha vifaa, kwa sababu sindano zilienda njia tofauti. Ukichagua upande mmoja umefunga ndoa. Sasa utamshawishi vipi mtu atoe doo zote hizo?

Zima taa, tuone kama utajua

Jibu la kampuni lilikuwa majaribio ya sauti. Kuanzia 1915 mpaka karibu 1925, Edison alituma waimbaji miji mingi ya Marekani. Unaalikwa ukumbini bure. Jukwaani kuna mashine na mwimbaji amesimama kando yake. Santuri yake inachezwa, naye anaimba pamoja nayo. Ghafla anafunga mdomo, na sauti inaendelea. Anaimba tena, ananyamaza tena. Halafu taa zinazimwa. Wimbo unaendelea gizani, na taa zikiwashwa mwimbaji hayupo. Aliondoka kitambo na mashine ndiyo ilikuwa inawaimbia.

Watu walitoka hapo wakiapa kwamba hakuna tofauti. Magazeti yakaandika. Mwaka wa 1916 walifanya hadi Carnegie Hall, ukumbi wa hadhi ya juu kabisa jijini New York.

Dukani nako kulikuwa na jaribio la mtu mmoja. Mteja anakalishwa kwa kiti mgongo ukielekea mashine. Anaambiwa akumbuke mara ya mwisho aliskia mwimbaji wa ukweli, afumbe macho, halafu santuri inaanza. Nyumbani nako kulikuwa na sherehe. Edison alifadhili utafiti wa mwanasaikolojia Walter Bingham wa chuo cha Carnegie cha ufundi, Pittsburgh, na kutoka hapo zikaja fomu za kupima hisia. Unaita marafiki kwa keja, kila mtu anaandika vile anajihisi kabla ya ngoma, kisha anaandika tena baada yake. Kama ulikuja umechoka na umetoka umechangamka, kampuni inafurahi na inatumia jibu lako kuuza.

Mpango ulikuwa na ujanja wapi

Ukiangalia vizuri, hakuna jaribio hata moja kati ya hayo lililokuwa la haki.

Kwanza, mwimbaji alikuwa anaifuata mashine. Anna Case, mmoja wa mastaa wa opera waliotumwa, alikubali miaka mingi baadaye kwamba alikuwa anapunguza sauti yake ndio ilingane na ile ya mashine. Yaani hawakuifanya mashine ifanane na binadamu. Walimfanya binadamu afanane na mashine.

Pili, walichagua vitu ambavyo mashine inaweza. Wakati huo hakukuwa na maikrofoni studioni. Unaimba ndani ya pembe kubwa na nguvu ya sauti yako ndiyo inasukuma sindano. Sauti ya mtu mmoja ilinaswa poa. Besi nzito na ngoma kubwa zilipotea njiani. Kwa hivyo jukwaani ungemwona mwimbaji mmoja, sio bendi nzima ya watu 60.

Tatu, msikilizaji alikuwa ameshaambiwa askie nini. Ukimwambia mtu afumbe macho na akumbuke sauti tamu aliyowahi kuskia, ubongo wake unajaza mapengo wenyewe.

Nne, na hii ndiyo kubwa, mashine ya Victor haikuwekwa hapo kando. Uliulizwa kama Edison anafanana na mtu. Hukuulizwa kama anamshinda jirani.

Haya mambo hayajazeeka. Mtu akikuita kwake uskize amplifaya ya bei ya gari, angalia kama anafanya kama Edison. Amekuambia bei kabla ya kuwasha? Amechagua ngoma mwenyewe? Ile anayoipenda ameiongeza sauti kidogo? Sauti ikipanda hata kidogo tu, sikio linasema hiyo ndiyo safi zaidi, na hutajua kwamba umedanganywa na kitufe cha sauti. Jaribio la haki ni rahisi ingawa linachosha: ngoma moja, spika zile zile, sauti zimelinganishwa kwa kipimo, mtu mwingine anabadilisha mashine nyuma ya pazia bila kukuambia, na unarudia mara nyingi. Ukikosea nusu ya hizo mara, basi ulikuwa unabahatisha, na doo yako inaweza kubaki mfukoni.

Masikio ya mtu mmoja

Edison mwenyewe aliskiza vipi? Kwa meno. Alikuwa anainama na kung'ata mbao za mashine, mtikisiko unapita kwa mfupa wa fuvu mpaka ndani ya sikio. Sio uchawi, mfupa kweli hupitisha sauti. Kwa njia hiyo, na kwa kusogeza sikio karibu kabisa na pembe, aliwapima waimbaji mmoja baada ya mwingine na kuandika maoni yake kwa madaftari.

Maoni yenyewe yalikuwa makali. Hakupenda sauti inayotetemeka, na waimbaji wengi wa opera walikuwa na huo mtetemo. Jazi hakuitaka. Alipenda nyimbo za zamani, tamu na za moja kwa moja. Mpiga piano Sergei Rachmaninoff alirekodi kwa Edison mwaka wa 1919, lakini mwaka uliofuata alikuwa ameshahamia Victor.

Kuhusu mastaa, Edison aliona ni kupoteza pesa. Kwake yeye, mtu ananunua sauti nzuri, sio jina. Santuri zake za kwanza hata hazikuandikwa aliyeimba ni nani. Wakati huo huo Victor walikuwa na Enrico Caruso, na jina lake lilikuwa linauza kama mkate moto.

Wanunuzi walifanya jaribio lao wenyewe nyumbani, bila fomu na bila kuzima taa. Upande huu sauti safi ya mtu usiyemjua, upande ule Caruso na kelele kidogo za sindano. Wengi walimchukua Caruso. Vita Kuu ya Kwanza nayo iliongeza msumari, kwa sababu kemikali za kutengeneza santuri zilizokuwa zikitoka Ulaya zilikatika. Edison alijenga kiwanda chake cha fenoli, lakini santuri nyingi za miaka hiyo zilitoka na mkwaruzo mbaya. Ule usafi aliokuwa anauza ukaanza kuwa wa matangazo tu.

Redio yamaliza mchezo

Miaka ya 1920 redio iliingia sebuleni, na muziki ukawa wa bure. Mwaka wa 1925 Victor na Columbia walianza kurekodi kwa umeme kutumia maikrofoni. Besi ikaskika, bendi nzima ikaskika. Edison, mtu wa umeme kuliko wote, alichelewa mpaka 1927 kwa upande wa santuri. Redio aliidharau licha ya wanawe Charles na Theodore kumsukuma. Mwaka wa 1926 alitoa santuri ya kucheza muda mrefu, hadi dakika 20 kila upande, lakini haikushika. Wazo hilo lilikuja kushinda miaka mingi baadaye mikononi mwa wengine.

Mwaka wa 1929 kampuni ilisalimu amri na kutoa santuri za kuyumba kushoto na kulia, kama za Berliner. Zilidumu miezi michache. Oktoba mwaka huo, wiki ile ile soko la hisa la New York lilianguka, Edison alifunga biashara ya santuri kabisa.

Njia iliyoshinda ndiyo ilitufikia huku pwani. Mwaka wa 1928, mwaka mmoja kabla Edison kufunga duka, Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri na kundi lake hadi Bombay kurekodi kwa HMV, ile kampuni ya mbwa. Watu wa Afrika Mashariki hawakununua hizo santuri kwa sababu sindano ni ya almasi. Walinunua kwa sababu ni Siti anaimba, kwa Kiswahili, na jina lake liko hapo.

Edison alifariki tarehe 18 Oktoba 1931 nyumbani kwake West Orange, New Jersey, akiwa na miaka 84 na hati 1,093 za uvumbuzi za Marekani kwa jina lake. Usiku wa mazishi, Wamarekani walipunguza taa kwa muda kumkumbuka. Ilikuwa heshima ya balbu. Lakini rekodi nyingi za mashine yake ziko kwa intaneti bure siku hizi. Chukua moja ya Anna Case, mwekee mtu bila kumwambia ni ya lini wala ni nani anaimba, halafu umuulize ameskia nini. Usimwambie afumbe macho.